Ua Linalopanda Ndani ya Nyumba: Tuliyojifunza kwa Hasara na kwa Faida

Mada iliyosomwa na Kamati ya Miche na Maua katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Buswelu, Mwanza



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuifikia siku hii tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao safari hii ambao leo hatunao. Tunawakumbuka, na viti vyao tunaviona.

Ndugu Mwenyekiti, kamati yetu imeambiwa izungumze juu ya lile ua la kutambaa linalokaa sebuleni, ambalo wengi hapa mjini mnaliita mani planti. Tunajua wapo watakaonung'unika. Watasema, jamani, kikundi kimekopesha watu ada za shule, kimekopesha mabati, kimetoa mitaji ya dagaa na ya nguo, na hawa wanakuja kutuambia habari za ua? Tunajibu: ndiyo. Ua hili ndilo lililokaribia kukivunja kikundi chetu, na ua hili hili ndilo lililotufundisha namna ya kukaa pamoja. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie. Tutaeleza matunzo yake hatua kwa hatua ili kila mmoja aondoke na kitu cha kufanya nyumbani kwake, na katikati tutasema ukweli wetu.

MWANZO WA MRADI

Wanachama wa zamani mnakumbuka. Ulikuwa mwaka wa tatu wa kikundi. Sanduku letu lenye kufuli tatu lilikuwa limeanza kuwa zito, na tukasema pesa zisilale, zifanye kazi. Buswelu ilikuwa inajengwa kwa kasi. Makao makuu ya Manispaa ya Ilemela yapo hapa hapa, ofisi zimefunguliwa, watu wamehamia nyumba mpya zenye sebule kubwa na madirisha ya vioo, nao wanataka kuzipamba. Mmoja wetu alikuwa na ua hilo, limetambaa juu ya dirisha lake mpaka karibu na mlango. Akasema, "Hili halinunuliwi mbegu, linakatwa tu." Tukaona hapo pana biashara. Tukatoa fedha kwenye mfuko tukanunua ndoo ndogo za plastiki, tukabeba udongo, tukapanda vipande 60.

Katika hivyo 60, viliponea 19. Vingine vyote vilioza. Tutarudi kwenye jambo hilo baada ya muda mfupi, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe.

UA LENYEWE NI LIPI

Kwanza tulijue. Ua hili kitaalamu linaitwa Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki. Kwao huko ni mmea wa msituni. Unaanzia chini kwenye kivuli, unashika shina la mti kwa mizizi midogo inayotoka kwenye vifundo vyake, kisha unapanda kuufuata mwanga. Ukiwa chini majani yake ni madogo kama kiganja. Ukipanda juu ya mti mkubwa, jani moja linaweza kufikia urefu wa karibu mita nzima na kupasuka pembeni. Ni mmea ule ule, ila umepata pa kushika.

Sisi tunauita ua, lakini mkisubiri utoe maua mtasubiri mpaka mchoke. Watafiti walieleza mwaka 2016 kwamba mmea huu una upungufu katika kutengeneza homoni iitwayo jiberelini, na bila homoni hiyo hauchanui. Ndiyo maana hauna mbegu za kununua dukani. Miche yote mnayoiona, ya hapa Buswelu, ya Dar es Salaam na ya Ulaya, ni vipande vilivyokatwa kwenye mimea mingine. Ni kugawana tu, jirani kwa jirani.

Na kitu kingine ambacho kiliwashangaza wengi: ua hili ni jamaa wa magimbi! Ndiyo, magimbi haya haya tunayoyachemsha asubuhi kwa chai. Yamo katika ukoo mmoja wa mimea. Shikeni neno hilo, tutalihitaji tutakapofika kwenye habari za watoto.

CHOMBO NA UDONGO

Sasa matunzo. Tunaanza na chombo, maana sisi hapo ndipo tulipoangukia.

Chombo chochote kinafaa: chungu cha udongo, ndoo ndogo, kopo la rangi lililosafishwa, hata dumu lililokatwa. Sharti ni moja, kiwe na matundu chini. Chukua msumari, uchome kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, ushike kwa koleo, toboa matundu manne au matano. Kama unaogopa maji yatachafua sakafu, weka kisahani chini. Lakini matundu yawepo.

Udongo usiwe mzito. Hapa kwetu mlimani kuna ule udongo mwepesi wa kichanga ambao wazee wa Kisukuma wanauita luseni, na kule bondeni kuna ule mweusi wa mbuga unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Luseni peke yake hauna nguvu, na maji hayakai. Ule wa mbuga peke yake unashika maji mpaka mizizi inakosa hewa. Sisi tunachanganya hivi: makopo mawili ya luseni, kopo moja la samadi iliyooza vizuri, na kopo moja la pumba za mpunga. Pumba zinauachia udongo nafasi za hewa. Samadi iwe imekaa miezi, isiwe na joto wala harufu kali. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

KOSA LETU

Sasa tuseme lile tulilowaahidi.

Zile ndoo 60 za kwanza hazikuwa na matundu. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye tuliyempa kazi ya kuangalia miche, alisema mapema kabisa, "Jamani, hizi ndoo zinataka kutobolewa." Tukamwambia asituharibie mali ya kikundi. Tulihesabu kwamba mradi ukishindikana, ndoo tutaziuza kama zilivyo. Akanyamaza, akaendelea kumwagilia kidogo kidogo kwa kadiri alivyoona inafaa.

Lakini miche ilikaa kwenye baraza tunapofanyia mikutano. Kila mwanachama anayepita anaiangalia kama pesa yake, na ni kweli ilikuwa pesa yake. Anaona udongo wa juu umekauka, anachota kikombe anamwaga. Jioni anapita mwingine, anamwaga. Majani yakaanza kuwa ya njano. Tukasema, "Mnaona? Haimwagiliwi, huyu mama ametegea." Tukazidisha maji. Njano ikazidi, nasi tukazidisha tena.

Ilipofika siku ya mkutano, miche mingi ilikuwa imelala. Tukamsimamisha mwenzetu mbele ya kikao. Wengine walisema ni mvivu. Wengine walisema maneno ambayo leo hatutayarudia, maneno ya kwamba ana mkono mbaya na kila anachoshika kinakufa. Tukampiga faini. Akalipa faini yake yote siku ile ile, akaomba kadi yake ya hisa, akaondoka. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuanzisha kikundi hiki.

Baada ya wiki mbili tukaamua kumwaga udongo ili tuuze ndoo. Tulipozipindua, maji yalitoka chini, meusi, yenye harufu ya kinamasi. Mizizi ilikuwa laini kama mlenda, ukiigusa inavuliwa ngozi. Juu udongo mkavu, chini ziwa. Tukamwita mzee mmoja fundi wa bustani aje atuambie ni ugonjwa gani. Akaangalia ndoo moja tu, akacheka kwa masikitiko, akasema, "Akina mama, hakuna ugonjwa hapa. Mmelizamisha."

Ile miche 19 iliyopona ilikuwa ya ndoo zilizopata nyufa njiani wakati wa kuzibeba. Maji yalijitafutia njia yenyewe.

Ndugu wanachama, tulikaa kimya siku ile. Kisha tukaenda nyumbani kwa mwenzetu, viongozi na kamati, na daftari la muhtasari mkononi. Tulimrudishia faini yake, tukaandika kwenye daftari kwamba kikao kilikosea, tukaweka sahihi. Hakurudi siku hiyo. Alitwambia, "Pesa nimepokea. Maneno bado nayasikia." Ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajarudi. Leo yupo hapa kati yetu, na tumemwomba ruhusa ya kusema haya. Ametujibu, "Semeni, ila jina langu liacheni, maana mtakaokuwa mnajifunza ni ninyi." Basi tunasema mbele ya wageni wote: mama, tulikukosea. Tunaomba radhi tena.

Tangu hapo tumeweka kanuni mbili. Kanuni ya kwanza, kila mche una mlezi mmoja, wengine wanaangalia kwa macho tu. Kanuni ya pili, hakuna mwanachama anayepigwa faini kabla chombo hakijapinduliwa. Hayo ndiyo maneno tunayotumia mpaka leo hata kwenye mikopo. Mtu akichelewa marejesho, watu wawili wanakwenda kwake kwanza kuona kuna nini. Mara nyingi tumekuta ugonjwa, msiba, au mzigo wa dagaa ulionyeshewa mvua anikani. Wachache tumekuta ni ujanja, na hao wamelipa faini zao. Lakini tunaangalia kwanza.

MAJI

Tuendelee. Ua hili linauawa na maji mengi kuliko linavyouawa na kiu. Lina shina na majani yenye kuhifadhi maji, likikosa siku chache litavumilia. Usimwagilie kwa kalenda, wala kwa kuangalia juu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevunyevu, liache. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatokee kwenye matundu ya chini, kisha kimwage kile kisahani.

Kwa hapa Mwanza, wakati wa kiangazi cha Juni mpaka Septemba, sisi tunamwagilia kama mara mbili kwa wiki kwa vyombo vidogo. Wakati wa mvua za vuli na za masika, mara moja kwa wiki inatosha, na pengine hata hiyo inazidi. Lakini kidole ndicho hakimu.

Jani la njano peke yake halikwambii ugonjwa. Njano na udongo umelowa, maji yamezidi. Majani yamenywea, yamejikunja, na udongo mkavu, basi ni kiu. Angalieni vyote viwili ndipo mseme.

MWANGA

Linataka mwanga, halitaki jua la moja kwa moja. Kumbukeni kwao ni chini ya miti. Jua letu la saa nane mchana, likipiga kwenye kioo cha dirisha la magharibi, linababua majani yakawa na mabaka ya kahawia. Weka mita moja au mbili kutoka dirishani, au dirisha la upande wa asubuhi, au barazani kwenye kivuli. Ukiliweka kwenye giza kabisa halitakufa upesi, lakini ile michirizi ya njano inapungua, jani linabaki kijani tupu, na shina linarefuka likitafuta mwanga.

Vitabu vingi vya nje vinaonya juu ya baridi. Hilo kwetu halitusumbui. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini ziwa linatutunzia joto mwaka mzima.

KULIPANDISHA

Wengi wanaliacha lining'inie. Si vibaya. Lakini mkitaka majani makubwa, lipeni pa kupanda. Chukua mti ulionyooka wa unene wa mpini wa jembe, urefu wa mita moja au zaidi. Uzungushie gunia la katani, ufunge kwa kamba. Usimike katikati ya chombo wakati wa kupanda, siyo baadaye, usije ukakata mizizi. Lifunge shina kwenye mti taratibu kwa kitambaa laini, vifundo vikiutazama mti. Nyunyizia gunia maji kila baada ya siku mbili tatu. Gunia likiwa na unyevu, ile mizizi midogo ya vifundoni inauma na kushika, na baada ya hapo majani yanayofuata yanakuja makubwa kuliko ya kwanza. Halihitaji dawa ya kukuza, linahitaji pa kushika.

KUKATA MICHE

Hapa ndipo penye fedha, sikilizeni vizuri. Kipande kisicho na kifundo hakiwi mche. Kifundo ni pale jani linapotokea kwenye shina, na mara nyingi utaona kijizizi cha kahawia kimejitokeza. Kata kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo, kipande kiwe na majani mawili. Jani la chini kabisa liondoe.

Unaweza kukitumbukiza kwenye chupa ya maji, kifundo kikiwa ndani ya maji na jani nje. Baada ya wiki mbili mpaka nne mizizi inaonekana. Ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye udongo. Usikiache kwenye maji miezi mingi halafu ukitegemee kwenye udongo, kitapata shida kuzoea. Au panda moja kwa moja kwenye udongo wenye unyevu mwepesi, kivulini. Na kila unapokata, mmea mama unachipua pembeni na kunenepa. Kukata si kuua.

VUMBI NA WADUDU

Vumbi la Buswelu mnalijua. Likikaa kwenye jani, jani halipati mwanga. Kila wiki futa kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, juu na chini. Ukifuta chini ndipo utakapowaona wadudu mapema. Ukiona kitu cheupe kama pamba kwenye maungio ya jani, hao ni vidung'ata. Ukiona utando mwembamba na vidoa vidogo, hao ni utitiri. Tenga mche huo na mingine siku hiyo hiyo. Osha kwa maji yenye sabuni kidogo, suuza, rudia baada ya siku chache mara tatu. Dawa kali za shambani hatuzitumii ndani ya nyumba tunamolala na kulia chakula.

MAMBO MATATU YA HATARI

Ndugu Mwenyekiti, kuuza kitu bila kusema ubaya wake ni kumdanganya mnunuzi. Tunasema matatu.

La kwanza ni watoto. Tulisema ua hili ni jamaa wa magimbi. Mnajua gimbi likiwa halijaiva linavyowasha koo. Sababu ni zile chembe ndogo kama sindano zilizomo ndani yake, na ua hili linazo pia. Nyumbani kwa mwanachama mwenzetu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alitafuna jani. Alilia, mate yakamtoka, midomo ikavimba. Mama yake alimwosha kinywa kwa maji, akampa maziwa baridi kidogo kidogo, akamkimbiza zahanati. Kwa bahati njema, mpaka jioni alikuwa anacheza. Kwa kawaida haliui, lakini linaumiza, na uvimbe ukifika kooni mtoto anaweza kupata shida ya kupumua. Kwa hiyo: usimtapishe mtoto, mwoshe kinywa, mpeleke kwa mganga. Na ua likae juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mbuzi na paka nao wasilitafune. Ukimaliza kukata, nawa mikono kabla hujajishika machoni.

La pili ni mbu. Chupa za maji na visahani vikikaa bila kubadilishwa, wale mbu wenye madoa meupe miguuni, wanaoeneza homa ya dengi, wanatagia humo. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika muda wa siku saba mpaka kumi hivi. Kwa hiyo maji ya chupa badilisha kila wiki, na chupa isugue ndani, maana mayai yanagandamana na ukuta.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi. Zamani tulikuwa tunawaambia wateja kwamba ua hili linasafisha hewa. Tulilisikia, tukalirudia, maana lilisaidia kuuza. Siku moja mteja akatuambia kwa furaha kwamba sasa siku za mvua analala na jiko la mkaa ndani bila wasiwasi, kwa kuwa ana maua manne chumbani. Jamani, tulishikwa na baridi. Tulikwenda naye nyumbani saa ile ile tukalitoa jiko nje.

Maneno hayo yalianzia wapi? Mwaka 1989 wataalamu wa shirika la anga la Marekani, NASA, walipima mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa, wakaona inapunguza baadhi ya kemikali. Lakini sebule si kisanduku kilichofungwa. Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakapiga hesabu kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili ifanye kazi ambayo hewa ya kawaida inayopita nyumbani inaifanya. Hata godoro lisingepata pa kuwekwa! Na gesi ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mtu analala asiamke. Ua halikuokoi. Dirisha lililo wazi na jiko lililo nje ndivyo vinavyokuokoa. Tangu siku hiyo hakuna mwanachama anayeruhusiwa kumwambia mteja maneno ya kusafisha hewa. Tunasema linapendeza, basi. Kupendeza kunatosha.

MABAKI YASITUPWE OVYO

Wakazi wa ziwani hatuhitaji kufundishwa somo hili mara mbili. Gugu maji lililetwa Afrika kwa kuwa lina ua zuri. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba za Ziwa Victoria, mitumbwi haipiti, na wenzetu wavuvi na wachuuzi wa samaki waliteseka. Ua hili letu nalo, katika nchi nyingine zenye joto, limetoroka bustanini likafunika miti ya msitu. Kipande kimoja chenye kifundo kinatosha. Kwa hiyo mabaki yakaushwe juani mpaka yavunjike, ndipo yaende kwenye shimo la mboji. Yasitupwe korongoni wala kwenye vijito vinavyoshuka ziwani.

KUHUSU JINA NA FEDHA

Wateja wanatuuliza kama kweli ua hili linaleta pesa. Tunawajibu kwamba pesa haitoki kwenye jani. Tuseme mche mmoja kwa chombo, udongo na maji umetugharimu shilingi 2,000, na tumeuuza shilingi 5,000. Faida ni 3,000. Lakini kama katika kila miche mitatu mmoja unaoza, hizo 2,000 za ule uliooza zinatoka kwenye faida ya miwili iliyobaki. Faida ya 6,000 inakuwa 4,000. Ukioza wa pili, unabaki na faida ya 3,000 na hasara ya 4,000. Umekula mtaji. Hesabu ndiyo hiyo, na tundu la msumari ndilo linaloamua.

Na tusidharau mambo ya maua. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Usambara, Walter von Saint Paul, alipeleka kwa baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau la milima yetu. Leo linauzwa duniani kote, nao huliita urujuani wa Afrika. Hali kadhalika Zamioculcas, lile lenye majani manene yanayong'aa, ambalo nalo ni jamaa wa magimbi, asili yake ni pande zetu hizi za Afrika, na Zanzibar imo. Wakulima wa Uholanzi walianza kulisambaza kwa wingi katika miaka ya 1990. Mimea ilitoka kwetu, faida ikaenda kwa waliojua kutunza na kuhesabu. Basi nasi tujifunze kutunza na kuhesabu.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi wa Kamati ya Miche tunaongeza jambo dogo tu: kikombe na kikombe cha kila apitaye kiliizamisha miche yetu. Michango ya wengi inataka daftari moja, mlezi anayejulikana, na pa kutolea kinachozidi.

Kila mgeni aliyefika leo atapewa mche mmoja pale mlangoni. Chini ya kila chombo mtakuta matundu matano. Aliyeyatoboa yote ni yule mama tuliyemtaja. Aliamka alfajiri akawasha mkaa wake mwenyewe, hakutaka tumsaidie.

Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Buswelu na Mwanza yetu.